Nyumba Kumi na Tatu Zilizochomolewa Ukutani

Mtaa wa Kinu, Na. 14,
Knjaževac,
Serbia.

27 Septemba 2010

Mpendwa mdogo wangu Ljubiša,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Hamilton, wewe na shemeji yangu Rosanda, na kwamba mgongo uliokusumbua kwenye ndege umeshatulia. Baridi ya huko imeanza? Ile sweta aliyokufumia Nevenka unaivaa, au umeitia kabatini ikafanye urafiki na ile ya mwaka juzi? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Goti langu linauma mvua ikikaribia. Nevenka anakohoa kwa moshi, maana tumechoma pilipili hoho kilo themanini za ajvar, ile achari yetu ya majira ya baridi. Mama anakula vizuri na mwili wake hauna neno. Mengine yake utayasoma mbele.

Utashangaa kuona mwandiko wangu, kwa kuwa tangu mwaka 2004 hujapata kwangu barua isiyopigwa chapa. Nimeandika kwa mkono makusudi. Kalamu ina jambo moja ninaloliheshimu: ukishaandika, limeandikwa. Huhitaji kuibembeleza ikubali kukumbuka.

Haya. Nimekusalimu, nimekujulia hali, adabu imekamilika. Sasa kaa kitako, kwa sababu nina hasira na wewe. Nina hasira tangu tarehe kumi na saba, leo siku ya kumi, na kila asubuhi naamka nayo ikiwa mbichi.

Jumapili mbili umepiga simu, na mara zote mbili nilikuambia Mama amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni yangu, ananipungia mkono nisikupe simu. Na mimi sikukueleza sababu, kwa kuwa ningefungua mdomo ningekutukana, naye angesikia. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye karatasi nitakutukana kwa mpangilio.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo chanzo cha yote.

Unajua ilikotoka. Nilipostaafu, stesheni walikuwa wanaitupa, nikaisukuma kwa toroli mpaka nyumbani, na Nevenka akaniuliza kama nimehama na reli nzima. Ilikuwa imechoka. Ule mfumo endeshi iliokuja nao ulikuwa mzito kupita nguvu zake. Ukifungua barua moja tu mashine ilianza kukoroma. Nani aliyeiokoa? Wewe. Ulinitumia sidii ndani ya soksi ya sufi, pamoja na kurasa nne za maelezo kwa mkono wako, hatua kwa hatua, mpaka mahali pa kupumzika na kunywa maji uliandika. Ulikuwa mfumo huria uitwao Debian, uliotengenezwa na watu wanaoipenda kazi yao, wakauachia kila mtu autumie na auchokonoe apendavyo. Nilifuata maelezo yako neno kwa neno na ile mashine ikafufuka. Sijasahau, na sitaki useme nimesahau.

Wala usinione mshamba wa mfumo mmoja. Nimejaribu mingi. Slackware nilikaa nayo majira mazima ya baridi. Niliiheshimu, lakini ilinitaka nijue kila kitu kwa jina lake na mahali kinapolala, na mimi hata majina ya wajukuu wa Krsta wa jirani nayachanganya. Ile antiX iliyoanzia kwa Wagiriki ndiyo niliyoweka maktaba ya mji, kwenye mashine mbili ambazo hata fundi alizikatia tamaa, na mpaka leo zinakwenda. Nilijaribu na mmoja ambao madirisha yake yalitikisika kila ukiyashika. Nauliza, dirisha linalotikisika lina faida gani kwa mtu mwenye akili timamu? Huo nilikaa nao siku moja, nikautoa.

Mwisho nilirudi kwa Debian, nikaipa ile meza nyepesi ya skrini iitwayo LXDE. Mstari mmoja chini, saa kwenye kona, rangi ya kijivu, basi. Hakuna kinachorukaruka. Herufi zetu za Kisirili zinakuja bila ugomvi. Faili iko pale nilipoiacha jana. Hayo ndiyo ninayoyataka kwa kompyuta ya nyumbani, na sioni kama ni makubwa.

Krsta hunicheka. Anasema mashine yangu huchukua muda wa kuchinja kuku kabla ya kuamka. Ni kweli, huchukua dakika tatu. Lakini dakika tatu hizo zina kazi yake. Naiwasha, naweka birika la kahawa jikoni, natia sukari, nangoja povu lipande. Kahawa ikiiva na kompyuta imeiva, nakaa. Nimeishi hivyo miaka sita na hakuna aliyeumia.

Tena nikuambie jambo la kazi yangu, ambalo pengine sikuwahi kukueleza sawasawa. Mimi nimetunza taa za reli miaka thelathini na nne. Kitu cha kwanza anachofundishwa fundi wa taa ni hiki: umeme ukikatika, mkono wa ishara uanguke wenyewe kwenye hatari na treni isimame. Hatuulizi umeme utakatika au hautakatika. Utakatika. Panya atakula waya, mlevi atagonga nguzo. Kitu kilichotengenezwa vizuri kinajua la kufanya siku hiyo bila kuambiwa. Hicho ndicho kipimo changu kwa kila kitu kinachoingia kwenye soketi ya nyumba hii, na hicho ndicho ulichokipuuza wewe.

Sasa tuje kwenye Agosti yako.

Nilikwenda kwa Krsta kumsaidia kuosha mapipa ya mvinyo. Saa tatu tu nilizokaa! Narudi nakukuta umekaa kwenye kiti changu, miwani puani, uso unang'aa kama umeoa tena.

"Kaka, njoo uone," ukasema. "Hesabu mpaka ishirini."

Sikuhesabu, lakini nilisikia ulivyohesabu wewe, kwa sauti, kama refa wa ndondi. Kufika kumi na nane meza ikawa imeshatokea, na picha ya ziwa ambalo sijui liko wapi.

"Debian yangu iko wapi?"

"Ipo, ipo, iko kwenye diski, sijaigusa. Huu ni mwingine. Unaishi kwenye flashi, na ukiwaka unahamia wote kwenye kumbukumbu ya mashine. Diski haifanyi kazi yoyote. Ndiyo maana una kasi. Wala usiuzime, ubonyeze tu ulale. Ukiuamsha ni sekunde mbili!"

"Na kahawa yangu nitaiweka saa ngapi?"

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Mwache Vito na kobe wake, Ljubiša," akasema. "Yeye hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili."

Nikaenda jikoni kuweka birika. Wewe ulikuwa mgeni, umekuja baada ya miaka mitano, na Mama alikuwa anacheka. Ningefanyaje? Lakini nikuambie leo, niliumia. Mtu hagusi kompyuta ya mwenzake bila ruhusa, hata akiwa ndugu tumbo moja. Ni sawa na kuingia jikoni kwa Nevenka na kumpangia sufuria.

Jina la huo mfumo wako silitaji humu, naona karatasi itachafuka. Mimi nauita Mgeni, kwa sababu hakai ndani ya nyumba. Ameketi ukumbini na koti mwilini, tayari kuondoka, na chochote utakachomkabidhi ataondoka nacho. Ni mwepesi, sikatai. Ana haraka, sikatai. Lakini ni wa mtu anayesafiri na flashi mfukoni, si wa nyumba yenye bibi wa miaka themanini na saba anayeogopa radi.

Na yule bibi alikuwa na kazi, kazi uliyoijua vizuri.

Tangu Mei, kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama alikuwa ananisomea kijiji chake kutoka kichwani. Gornja Sokolica yote, nyumba arobaini na tatu, kuanzia kinuni mpaka kanisani, kama mtu anayepanda kilima kile kwa miguu. Nani alikaa hapo, alioa wapi, mbwa wake aliitwaje, waligombana na nani kwa ajili ya mpaka wa bustani. Unajua kule hakuna mtu tena tangu mzee wa mwisho alipoteremshwa mwaka 1987, na mapaa yameshaanguka. Wanaokumbuka walikuwa watatu. Bibi wa kule Minićevo alifariki wakati wa Pasaka, na mwingine hamtambui hata binti yake. Amebaki Mama. Padre ameahidi kuyasoma majina yote siku ya slava yetu, sikukuu ya Mtakatifu Luka, mlinzi wa nyumba hii, na mimi nikaahidi kuyachapa kitabu kidogo, nakala moja kwa kila aliyetokea kule.

Mama alipenda kuyaona maneno yake kwenye skrini. Nilizikuza herufi mpaka mstari mmoja ukawa maneno manne. Alikaa karibu, akisoma na kidole hewani, na nikikosea ananipiga begani na fimbo. "Mbwa wa Spasoje hakuwa Murga, alikuwa Šarov. Murga alikuwa wa mkwewe. Futa!" Nikafuta.

Tulikuwa tumefika nyumba ya kumi na nane ulipokuja, tukapumzika ili akupikie pai zako. Hizo kumi na nane ziko salama, ziko kwenye diski, kwa Debian, zimekaa pale pale nilipoziacha. Ulipoondoka tukaendelea, juu ya Mgeni wako, kwa kuwa Mama aliupenda. "Huu wa Ljubiša," alisema, "haunichoshi kungoja." Unaona? Hata hapo sifa zilikuwa zako. Siku ishirini na nne tumeandika, tunaulaza, tunauamsha, kama ulivyoagiza. Kumi na tisa mpaka thelathini na moja. Nyumba kumi na tatu.

Tarehe kumi na saba, saa tisa alasiri, mimi na Nevenka tulikuwa uani na pilipili kwenye jiko la bati. Wingu likaja kutoka upande wa mlima Midžor kwa kasi ambayo sijaiona miaka mingi. Unaujua mwezi wa ajvar ulivyo: pilipili zimeshachunwa nusu, beseni ziko wazi, na mbingu inafunguka. Nevenka anapiga kelele, "Vitomir, beseni! Beseni kwanza, utaokoa goti lako baadaye!" Tukawa tunakimbiza beseni kwenye kibanda.

Ngurumo ya kwanza ikapiga.

Nahitaji kukukumbusha nini hutokea katika nyumba hii ngurumo ya kwanza ikipiga? Umekulia humu. Tangu radi ilipopitia redio ya Baba mwaka 1961 ikaunguza pazia, ngurumo ikilia watu huchomoa. Televisheni, friji, redio, simu, taa ya meza. Majirani wote wanachomoa. Mtu asiyechomoa tunamwona hana malezi. Sisi tulikuwa na beseni mikononi, kwa hiyo Mama aliinuka mwenyewe. Miaka themanini na saba, na fimbo. Akapita chumba kwa chumba, akainama kwenye kila soketi.

Tulipoingia tumelowa chepechepe, alikuwa ameshakaa, anahema, anatabasamu kama msichana aliyeshinda mbio.

"Mnazeeka nyinyi," akatuambia. "Nimechomoa zote peke yangu. Hata hiyo ya kuandikia watu wangu, isije ikaungua."

Nevenka akamsifu. Mimi pia nilimsifu! Sikujua. Kwa akili yangu mimi, faili niliyoihifadhi imehifadhiwa. Nilikuwa nabofya pale pa kuhifadhi kila siku kama Mkristo mwema. Umeme ukikatika, Debian huamka, hulalamika kidogo, hukagua diski, na kazi yako unaikuta. Nikangoja mvua ipite, nikachomeka, nikawasha. Sekunde kumi na nane. Ziwa lako likatokea, bluu, tulivu. Nikafungua folda.

Ljubiša, ilikuwa tupu. Si faili iliyoharibika, si kipande. Haikuwahi kuwapo. Mgeni aliniuliza nataka kutumia lugha gani, kama tunaoonana kwa mara ya kwanza.

Niliitafuta siku mbili. Krsta akaja na vifaa vyake, akaipekua flashi yote, akaja na mvinyo, tukaipekua tena. Ndipo Krsta akaiona: kwenye mipangilio, ile kazi ya kuhamisha kila kitu kutoka kwenye kumbukumbu, inayofutika umeme ukikatika, kwenda kwenye flashi kila nusu saa, umeizima. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Krsta akasema watu wengine hufanya hivyo ili flashi isichakae haraka. Ili flashi isichakae! Kitu cha ukubwa wa kucha, umekionea huruma, umeilinda afya yake, na nyumba kumi na tatu za watu ukazitundika kwenye waya wa umeme!

Mama alikuwa mlangoni wakati Krsta anaeleza. Sikumwona. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ni pale nilipochomoa?"

Krsta mjinga akajibu, "Ndiyo, mama, pale pale."

Tangu siku ile hajasimulia neno. Nimembembeleza. Nimemwambia tuanze tena na kumi na tisa. Anasema, "Nimewazika mara ya pili, kwa mkono wangu. Waache walale." Chakula anakula, televisheni anatazama, Nevenka akimtania anajibu. Nikitaja Sokolica anageukia dirishani. Na simu yako haitaki kwa sababu anasema utamuuliza tumefika nyumba ya ngapi.

Utasema, wewe Vitomir ulikuwapo, ulisikia yote, andika unachokumbuka. Nimejaribu. Nakumbuka nyumba ya ishirini na mbili ilikuwa na milango miwili kwa sababu ndugu wawili waligoma kupishana. Nakumbuka kulikuwa na mjane aliyepiga kengele theluji ikizidi ili watu wafuate sauti. Nyumba ya ngapi? Jina lake nani? Sijui. Mikono yangu iliandika na masikio yangu yalikuwa yamestarehe, kwa kuwa niliamini kuna kitu kinakumbuka kwa niaba yangu.

Nilimwambia Mama kosa si lake, ni lako. Nilimwambia wazi: Ljubiša aliweka mfumo wa wasafiri, akazima uhifadhi, akaondoka bila kutuambia. Unajua alinijibu nini?

"Ljubiša hawezi kuondoka bila kuacha maelezo. Yule tangu mtoto anaandika maelezo. Hata paka alimwandikia."

Nikasema safari hii hakuacha. Nikaapa.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kuandika, na naandika haraka. Jumamosi Nevenka alisogeza meza ya jikoni ili apange chupa za ajvar. Ile meza unaijua, mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua, akaisoma amesimama, akaiweka mbele yangu, akarudi kwenye chupa zake.

Ulinipa ile karatasi asubuhi ya kuondoka, pale langoni, teksi inangoja. Nakumbuka. Ulisema, "Kaka, isome." Nami nilikuwa bado na hasira ya kahawa yangu. Nikasema moyoni, mimi fundi wa miaka thelathini na nne sifundishwi kuwasha kompyuta nyumbani kwangu. Meza ilikuwa inacheza. Nikaiweka hapo.

Najua ulichoandika, lakini nakuandikia tena ili ujue nimekisoma: "Kaka, kila jioni bofya ile alama ya kufuli kwenye skrini, ndipo kazi inaingia kwenye flashi. Usipobofya haimo. Usisahau hata siku moja, maana Mama akisikia ngurumo atachomoa."

Maana Mama akisikia ngurumo atachomoa. Upo Kanada miaka thelathini na moja, na ulilijua hilo. Mimi ninayekula naye kila siku sikuliwaza.

Lakini usidhani umeshinda! Bado nasema, mfumo unaohitaji karatasi mlangoni si mfumo wa nyumba ya wazee. Ulipaswa kuniuliza. Ulipaswa kuacha ule uhifadhi wa nusu saa, na flashi ife kifo chake cha heshima. Ulipaswa kunifahamu kaka yako, kwamba nikikasirika sisomi. Hasira yangu tangu Jumamosi sijui niielekeze wapi, basi naielekeza kwako, kwa kuwa uko mbali na huwezi kunirushia kitu.

Jana baada ya simu yako kukatika, nilimpelekea Mama ile karatasi. Ilinichukua nusu siku kuinuka kitini. Nikamwambia, "Mama, niliapa uongo. Maelezo yalikuwapo. Niliyaweka chini ya meza." Nikamsomea.

Akasema, "Soma tena pale aliponitaja."

Nikasoma tena.

"Ananijua," akasema. Na tena, akiichukua karatasi mkononi, ingawa bila herufi kubwa haoni: "Mwanangu ananijua."

Nilidhani atanipiga na fimbo. Afadhali angenipiga. Nikamuuliza, basi tuandike, Mama? Akatikisa kichwa. "Wewe huulizi, Vito. Wewe unaandika tu. Mwambie Ljubiša aniulize yeye."

Ndiyo hivyo. Tangu Mei namkuzia herufi, na anayetakiwa ni wewe. Imeniuma, sikufichi, na nitaumwa nayo mpaka majira haya ya baridi yaishe. Lakini kosa la karatasi ni langu, na ninayetaka nyumba kumi na tatu zirudi ni mimi, kwa hiyo nameza.

Basi sikiliza, na safari hii ni mimi ninayekuandikia maelezo, hatua kwa hatua, na ole wako uyaweke chini ya meza. Usipige Jumapili ijayo, barua itakuwa bado njiani. Piga ukishaisoma, Jumapili yoyote, saa tisa alasiri ya huku. Usimwombe radhi. Usitaje kompyuta. Usimwambie asilie, maana hapo ndipo ataanza. Muulize tu, "Mama, nyumba ya kumi na tisa alikaa nani?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata akirudia, hata simu ikikugharimu. Akimaliza, muulize ya ishirini. Ukifanya hivyo Jumapili chache, siku ya Mtakatifu Luka padre atakuwa na cha kusoma, na zitakazobaki nitaziuliza mimi, nikishajifunza kwako kuuliza.

Flashi yako iko kwenye droo, sijaifuta. Ukija, utanionyesha huo mfumo vizuri, na mimi nitakuonyesha wangu, na tutabishana uani mbele ya Krsta mpaka mmoja achoke. Safari hii tutaanza baada ya kahawa.

Msalimie sana shemeji Rosanda, mwambie Nevenka amemtengea chupa sita za ajvar na mbili ni za pilipili kali anayoipenda. Wasalimie binti zako Jasna na Vidosava na waume zao. Krsta naye anakusalimu. Anasema anajuta kufungua mdomo, na mimi nasema ajute. Mama hajatuma salamu, anasema zake atakupa mwenyewe kwenye simu. Mungu awalinde barabarani na kazini, awape afya, na atukutanishe tena kwenye mkate wa slava tukiwa wote wazima.

Ukipiga, nitakuwa mezani na daftari na kalamu mbili. Simu nitaiweka kwa sauti ya juu. Na hata kama mbingu ni nyeupe, kila kitu kingine katika nyumba hii nitakuwa nimeshakichomoa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, hata leo,

Vitomir